Aliyosema Mama Sare Nyuma ya Kioo

Tulimwita Nukta kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mimi nikiwa mpanga kurasa, na meza zetu zilitazamana. Kila kitu kilipita mikononi mwake kabla ya kwenda mashineni: vitabu vya shule, kalenda, kadi za mialiko, matangazo ya misiba. Alisoma mstari kwa mstari, rula mkononi, na nukta ikikosekana mahali aliiona hata kabla hajakaa sawasawa kitini. Meneja wetu alipenda kusema kwamba Nukta anaweza kuona kosa kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mtu.

Lakini ukimwuliza mwenyewe anafanya kazi gani, alikuambia ni mwandishi wa tamthilia. Na kweli alikuwa ameandika kumi na moja. Zilichezwa katika ukumbi mdogo nyuma ya soko, na kikundi cha makarani, wauguzi na walimu waliokutana kila Jumamosi mchana. Zilikuwa tamthilia za maneno mengi. Watu waliingia jukwaani wanasema na wakatoka wanasema, na hata mgonjwa mahututi alitoa hotuba ya kurasa tatu kabla ya kukata roho. Tulizipenda, au labda tulimpenda yeye. Mimi sikukosa hata moja, ila nilikaa mabenchi ya nyuma ili nikisinzia asinione.

Mkewe alikuwa mshonaji. Mtaani aliitwa Mama Sare, kwa kuwa sare za shule tatu zilitoka kwenye cherehani yake. Alifanya kazi nyumbani, katika chumba cha pembeni chenye dirisha kubwa la kioo linalotazama uani. Hakuwa mtu wa kupiga soga. Akisema jambo alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu akarudi kwenye kitambaa chake. Ukiwa hukusikia, shauri yako. Walikuwa na binti mmoja, ameolewa mji mwingine, na Jumapili hazikupita bila simu yake.

Baada ya tamthilia ya kumi na moja, mwalimu mmoja aliyekuwa amecheza kama hakimu alimwambia wakati wanavua mavazi, "Mzee, michezo yako mtu anaweza kuitazama huku amefumba macho." Alisema kwa utani, wakacheka, na Nukta akacheka nao. Lakini neno lile lilimkaa kooni. Wiki nzima alinirudia nalo. Kila nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama juu ya miwani, kisha ananiuliza kama nami naona hivyo. Nikamjibu kwamba mwalimu yule hana adabu, jambo ambalo halikuwa jibu.

Haukupita mwezi, tukaletewa kazi ya kuchapa tangazo la kituo kimoja cha sanaa. Walikuwa wanaita filamu fupi, zisizozidi dakika kumi, na mada yao ilikuwa neno moja: Kuona. Nukta alisahihisha makosa mawili kwenye tangazo lile, akalipitisha, na nakala moja akaitia mkobani. Kesho yake alinitangazia kwamba atatengeneza filamu isiyo na neno hata moja. Isiwe na mazungumzo wala muziki, wala hata mlio wa mlango. Alisema atawafunga midomo wahusika wake ili aone kama watu watasinzia.

Hadithi yenyewe alinieleza wakati wa chai, kwa kupanga vikombe juu ya meza. Kuna mwanamume na mwanamke katika nyumba moja. Kwanza tunaona vyumba kama anavyoviona mwanamume. Halafu tunaona vyumba vilevile, saa ileile, kama anavyoviona mwanamke. Vitu havijaondolewa mahali pake, lakini mtazamaji ataapa kwamba ni nyumba mbili. Sikuelewa sana. Nilitikisa kichwa kukubali, na chai ikapoa.

Mpiga picha alimpata karibu. Alikuwa mwanamke tuliyemwita Dada Kamera, anayerekodi harusi, ambaye alikubali upesi kwa sababu alisema amechoka kupiga picha za keki. Mwanamume katika filamu angekuwa Nukta mwenyewe. Mwanamke angekuwa mkewe, maana hakuna mwingine aliyekuwa tayari kutoa Jumapili tatu. Mama Sare alisema ana kazi nyingi, kisha akakubali, kama alivyokuwa amekubali mengi mengine.

Jumapili ya kwanza walihangaika na namna ya kuonyesha macho ya mwanamke. Nukta alitaka sehemu ya picha ifichwe, ili ionekane kwamba mwanamke haoni anachokiona mumewe. Walibandika kipande cha karatasi nyeusi mbele ya lenzi. Mama Sare akaja kutazama kwenye kioo kidogo cha kamera. Alitazama kwa muda, uso ukiwa karibu kabisa, kisha akasema si hivyo.

"Giza lisianzie katikati," alimwambia mumewe. "Lianzie pembeni. Tena lisiwe giza. Liwe kama ukungu, kama vile kitu hakipo tu."

Akaenda kwenye mfuko wake wa mabaki, akatoa kipande cha shashi nyeupe, kile kitambaa chepesi kama chandarua, akakikunja mara mbili na kukishikiza upande wa kushoto wa lenzi kwa mkono wake. Dada Kamera alisema hajawahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa kama chumba kinaliwa polepole. Jumatatu Nukta alikuja kazini ametakata uso, akatuambia sote kwamba mkewe ana jicho la msanii, na kwamba ameishi naye miaka thelathini bila kulijua hilo.

Jumapili ya pili ilikuwa zamu ya mlango. Mama Sare alitakiwa kutoka chumbani akiwa amebeba rundo la nguo, apite kwenye korido na kuingia sebuleni. Alitembea vizuri mpaka mlangoni, akajigonga bega la kushoto kwenye fremu, nguo zikamwagika zote. Dada Kamera alitaka kusimamisha kamera. Nukta akampungia mkono aendelee. Alifurahi sana. Alimwambia mkewe kwamba kile ndicho hasa alichokuwa anakitafuta, akamwomba arudie. Alirudia mara tatu. Mara zote tatu alijigonga kwa makusudi, na haikupendeza kama ile ya kwanza, kwa hiyo waliitumia ile ya kwanza.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya dirisha. Mama Sare angekaa ndani kwenye cherehani, dirisha limefungwa, na kamera ingekuwa nje uani. Mumewe amesimama nje anamtazama. Mke anasema naye, midomo inacheza, na hakuna kinachosikika. Ungekuwa mpigo mmoja mrefu wa kamera bila kukatwa. Nukta alikuwa ameagiza kipaza sauti cha kamera kizimwe tangu siku ya kwanza, asije akapata kishawishi. Na hata kingekuwa wazi kisingesaidia, kwa kuwa mashine ya kusaga nafaka ya jirani ilikuwa inanguruma siku hiyo.

Mama Sare alimwuliza aseme nini.

"Sema chochote," alimjibu. "Hesabu namba, soma orodha ya vitambaa. Hakuna atakayesikia. Mradi midomo iende na unitazame mimi."

Mama Sare alikaa. Aliweka mikono juu ya kitambaa. Kisha akaanza. Alisema kwa dakika mbili na zaidi, pole pole, mara anamtazama mumewe, mara anageuza uso pembeni. Nukta alikuwa nje, mita tatu kutoka kwenye kioo. Alipoona mkewe anaelekea kunyamaza alimwinulia dole gumba, na Mama Sare akaendelea kidogo, halafu akainamia kazi yake.

Kuikata na kuiunganisha filamu ile kulichukua miezi minne, maana Dada Kamera alikuwa na harusi zake na Nukta hakuridhika kirahisi. Kila alasiri baada ya kazi alikwenda kukaa kando yake, wanaipeleka mbele na kuirudisha nyuma. Kipande cha dirisha ndicho alichokipenda kuliko vyote. Aliniambia kwamba amekitazama zaidi ya mara mia na kwamba kila mara uso wa mkewe unamwambia kitu kipya. Ndivyo alivyosema.

Kabla ya kuipeleka kituoni, aliamua kuionyesha ukumbini kwetu. Tulikuja watu kama sitini. Mama Sare hakuja. Alisema ana kola za kumalizia. Seremala wa mtaa alikuja, ambaye ndiye aliyetengeneza mabenchi ya ukumbi ule lakini hakuwahi kukaa juu yake kutazama mchezo wowote, kwa sababu ni kiziwi. Homa ilimziba masikio akiwa na miaka tisa. Anasema, ila sauti yake haipandi wala haishuki, na aliyemzoea anamwelewa vizuri. Nukta alikuwa amemfuata mwenyewe karakanani kumwalika. Alimwambia kwamba safari hii ni mchezo wake.

Nami naweza kusema kweli kwamba sikusinzia. Ile shashi ilipoanza kula chumba, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alipangusa miwani yake, akadhani ni macho yake. Mlangoni watu walishtuka. Na kwenye dirisha, jinsi yule mama alivyosema peke yake nyuma ya kioo, ukumbi ulitulia hata nikasikia benchi likilia. Taa zilipowashwa tulipiga makofi kwa moyo. Mwalimu aliyecheza hakimu alikwenda kumpa mkono na kusema amefuta maneno yake. Nadhani ile ndiyo ilikuwa siku ya furaha kubwa kuliko zote katika maisha ya Nukta, na ilidumu kama robo saa.

Seremala alisubiri watu wapungue. Kisha akamsogelea, akamshika mkono, akauliza kwa sauti yake ileile bapa, "Jicho la mama limepona?"

Nukta alidhani hakuelewa filamu. Akaanza kumweleza, anafungua mdomo wazi ili asomeke, kwamba ule ni mchezo tu, yule ni mwanamke wa kubuni. Seremala alitikisa kichwa.

"Si mchezo. Pale dirishani amesema mwenyewe. Jicho la kushoto halioni, tangu mvua za mwaka jana."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na koti langu mkononi. Nilimtazama Nukta nikisubiri acheke, au aseme ndiyo, tunajua, anatibiwa. Mtu yule ambaye hakuwahi kukosa neno alibaki ameachama.

Hakwenda moja kwa moja kumwuliza mkewe. Nilipomuuliza baadaye ni kwa nini, alisema aliogopa mkewe atamwambia si kitu, naye mwenyewe angekubali, kwa kuwa alitaka sana isiwe kitu. Asubuhi ya pili alinisihi nimsindikize karakanani. Alibeba kompyuta ya Dada Kamera kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Seremala aliondoa vumbi la mbao kwenye meza, akaketi, akatazama kipande cha dirisha. Akaomba kirudishwe. Alikitazama mara sita. Karatasi haikuwepo, akachukua kibao chembamba cha plywood na penseli yake ya kupimia, akaandika kila alichokiona midomoni. Mahali ambapo Mama Sare alikuwa amegeuza uso alichora mstari, kwa sababu, alisema, hataki kumsingizia mama wa watu.

Nilikisoma kibao kile juu ya bega la Nukta. Kilisema hivi:

"Unataka niseme chochote. Haya. Jicho la kushoto limekwenda. Tangu mvua za mwaka jana. Nilikuambia, ukasema ninunue miwani. ——— Nashona kwa mazoea. Sketi za mwezi uliopita zimerudishwa, mapindo yamekwenda upande. ——— Sasa la kulia nalo linaanza pembeni, kama ile shashi. Pale mlangoni sikuigiza. ——— Uko hapo nje unanitazama. Sijui kama unaniona. ——— Umeniinulia kidole. Kumbe nafanya vizuri. Haya, basi naendelea."

Nukta alisoma mpaka mwisho, akarudia. Kisha aliuliza kama anaweza kuondoka na kibao. Seremala alikifuta vumbi kwa kiganja, akampa.

Yaliyofuata nyumbani alinisimulia yeye. Alimkuta Mama Sare kwenye cherehani, akakiweka kibao mapajani mwake. Mama Sare alikileta karibu na uso, upande wa kulia, akakisoma kwa kukisogeza taratibu. Alimwuliza nani ameandika. Alipoambiwa, alisema hakujua kwamba kuna mtu anaweza kusoma midomo. Nukta akamwuliza kwa nini hakumwambia, kwa nini aliogopa.

"Sikuogopa kukuambia," alisema Mama Sare. "Nilichoka kukuambia."

Akamhesabia. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa chakula cha jioni. Nukta alikuwa anasoma sehemu ya tatu ya tamthilia ya kumi na moja, akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni umri, anunue miwani. Alinunua, ya barabarani, haikusaidia. Mara ya pili alimwambia anaona nusu ya uso wa mtu, naye akasema hilo ni wazo zuri, akaliandika. Mara ya tatu alimwonyesha kwa shashi. Alidhani akimwonyesha ataona. Badala yake alimsifu.

"Na pale dirishani?" Nukta alimwuliza.

"Pale ulisema hakuna atakayesikia. Nikaona afadhali nitue mzigo."

Hakulia, na wala hakugomba. Nukta alisema ingekuwa nafuu kwake kama angegombwa.

Walikwenda hospitali ya macho wiki ileile, na binti yao akaja. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alikaa mbele ya Mama Sare, akamziba jicho la kushoto, akamwambia atazame pua yake na aseme akiona kidole kinacheza. Kisha akainua mkono pembeni na kuchezesha kidole. Nukta alikuwa kwenye kiti cha ukutani. Aliona kidole kinacheza, mkewe ametulia, anatazama pua ya daktari, anasubiri kuambiwa waanze. Daktari alisogeza kidole ndani, na ndani zaidi. Kilikuwa kimekaribia sana ndipo Mama Sare aliposema, "Sasa naona."

Ilikuwa presha ya macho. Inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limepoteza kama nusu, na dawa ya matone, ikitiwa kila siku bila kukosa, ingeweza kulinda kilichobaki. Nukta aliuliza kama, wangekuja miezi minne nyuma, hali ya jicho la kulia ingekuwa bora. Daktari alisema vigumu kujua. Akauliza tena. Daktari alimtazama Mama Sare, kisha akasema ndiyo, pengine sana.

Nilifanya naye kazi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, na sikumjua tena mtu yule. Alisahihisha kama zamani, hakuna kilichompita, lakini aliichukia kazi. Mara moja meneja alirudia ule utani wake wa karatasi mfukoni mbele ya wageni. Nukta aliinuka akatoka nje, akakaa huko mpaka wageni walipoondoka. Mimi pia nina langu. Nilimsikia akisema kuhusu jicho la msanii, akisema uso unamwambia kitu kipya, na siku zile nilikuwa nimemwona Mama Sare sokoni akimpa muuzaji mkono upande asiokuwepo. Nilipita. Nilidhani ana haraka.

Kituo cha sanaa kiliandika barua kwamba filamu imechaguliwa miongoni mwa sita. Nukta alitaka kuiondoa mashindanoni. Mama Sare alikataa kabisa. Alisema amejigonga kwenye ule mlango mara nne, na hataki iwe kazi bure. Alitoa sharti moja tu, maneno ya kibaoni yaandikwe chini ya picha pale dirishani, pamoja na mistari ya seremala mahali pasiposomeka. Kwa hiyo filamu ya kimya ikapata maneno, na hakuna hata moja lililokuwa la mwandishi. Dada Kamera aliyaandika. Alifanya kazi ile huku akilia, kwa kuwa naye alikuwa amesimama pale pale nje.

Siku ya maonyesho walikwenda wote wawili. Mama Sare alikaa mstari wa mbele, kichwa amekigeuza kidogo. Watu walisoma maneno yale na kuguna, na mwishoni walisimama kupiga makofi. Filamu ilipata nafasi ya pili. Mtangazaji alimwuliza Nukta jukwaani wazo la maneno yale lilitoka wapi, naye akasema lilitoka kwa mkewe, akashuka. Aliniambia yale makofi ndiyo yaliyomuumiza kuliko neno lolote la daktari.

Hajaandika tamthilia nyingine. Kikundi kilimfuata mara mbili, akawaambia hana la kusema. Aliacha kazi kabla ya wakati wake, na sasa matone ya asubuhi na ya jioni anayatia yeye, kwa saa ileile, na kila siku anaweka alama kwenye kalenda. Mama Sare ameacha sare. Anashona mashuka na foronya, mapindo marefu yaliyonyooka ambayo vidole vinaweza kuyafuata. Jina halijabadilika.

Mchana huwaona wakitembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Nukta anatakiwa kukaa upande wa kushoto wa mkewe, ili amkinge na watu na baiskeli. Mara nyingi hukumbuka. Mara nyingine anaingia katika mazungumzo, anazunguka bila kujua, anaanza kusema akiwa upande mwingine, mikono inapaa hewani kama zamani. Hapo Mama Sare husimama. Hasemi kitu, anasubiri tu, katikati ya watu, mpaka mumewe aone.